Nipo, Subiri Kidogo

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa Mama, ambaye goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na shemeji yako, ambaye koo limemkauka kidogo. Wapwa zako wanakula kama nzige na kusoma kama kobe. Mama anauliza kama umeoa. Nimemwambia nitakuuliza, kwa hiyo nimekuuliza. Anauliza pia kama umekanyaga kanisani tangu tulipomzika Baba. Hilo sikuulizi, jibu lake nalijua.

Shemeji yako anakumbushia viatu vyake vyeusi alivyoviacha kwa yule fundi jirani yako mwaka jana, alipokuja kukutembelea. Vile ndivyo viatu vyake vya mimbarini. Hivi vya kahawia vinalia kila akipiga hatua, na wanakwaya hawana adabu, wanacheka.

Sasa neno lenyewe. Umoja wetu wa akina mama umeachiwa mkanda na mgeni mmoja, sinema ya zamani ya mambo ya dini, ile ya picha nyeusi na nyeupe, inayosifiwa dunia nzima. Inamhusu mhubiri. Maneno ni ya kigeni na tafsiri yake imeandikwa chini kwa Kiingereza, inapita mbio kama inafukuzwa. Tunataka kuionyesha kwenye mkutano wa mwaka, mwezi wa tano. Nikasimama kifua mbele nikasema, ndugu yangu wa tumbo moja ni mtafsiri wa sinema, tena anaigiza sauti za watu wote peke yake. Sikusema ni sinema za aina gani. Mkanda huu hapa, nimeufunga na barua. Usiniaibishe.

Dada yako.


27 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na Mama mshikie miguu kwa niaba yangu. Mimi mzima wa afya. Barua yako imechelewa kwa sababu utingo wa basi aliuweka mzigo chini ya kiti akausahau, ukasafiri kwenda na kurudi mpaka ukajua njia. Mwambie Mama sijaoa. Ile habari nyingine mwambie paa la kanisa la huku linavuja.

Viatu vya shemeji nimeviulizia. Unamjua yule fundi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa studio yangu, chini ya dirisha. Kutwa anashinda na misumari midogo mdomoni, na kutwa watu wanasimama pale: "Fundi, upo?" Anaitema misumari kiganjani, taratibu, mmoja mmoja, halafu anajibu kwa sauti nzito ya kutuliza: "Nipo, nipo. Subiri kidogo tu." Mteja anaondoka amefarijika, bila viatu. Vyangu vya bluu vimekaa kwake mpaka nimesahau vilichanika wapi.

Studio nayo ni kile chumba kimoja, mashine mbili za video, kipaza sauti, na mablanketi ukutani ya kumeza mwangwi. Nikifunga dirisha naiva. Nikilifungua, nyundo ya fundi inaingia kwenye sinema. Wateja wangu wamezoea, wanadhani kila mji wa kigeni una fundi viatu.

Sinema nimeitazama. Dada, umeitazama wewe? Mhubiri wa mji wa mgodi. Shimo linaporomoka, wachimbaji wamefukiwa, naye anawaahidi wake zao mbele ya kanisa zima kwamba watatoka hai. Hawatoki. Kuanzia hapo anaongoza ibada kwa midomo tu. Kuna mhandisi asiyeamini chochote, na ndiye anayewachotea maji wajane. Mwisho mhubiri anashuka shimoni peke yake na taa, anapaza sauti: "Upo?" Mara tatu. Hakuna anayemjibu. Kimya kirefu, wa kuchemsha chai angechemsha. Kisha anapanda juu, anawakuta wajane wamekaa mdomoni mwa shimo wakimngoja, wanarudi nyumbani pamoja. Basi, imeisha. Cha kuchekesha humo ndani ni nyumbu wa kuvuta mikokoteni peke yake.

Hivi akina mama wenzako wanajua wameagiza nini? Na koo la shemeji linaendeleaje?

Nduguyo Chiriku.


14 Machi

Chiriku,

Hatujambo. Mama amesema paa linalovuja halijamzuia mtu kwenda kwenye kilabu cha pombe. Mpwa wako mkubwa ameota ndevu mbili, kila udevu una jina. Koo la shemeji yako lile lile. Wazee wanahubiri kwa zamu, na mzee mmoja amehubiri juu ya safina Jumapili tatu mfululizo, wanyama bado hawajaisha kuingia.

Nimewaeleza akina mama hadithi. Wameguna. Tumekaa kikao tumekubaliana mambo madogo madogo tu. Yule mhandisi aokoke, hata kama ni kwa sentensi moja akiwa amebeba ndoo. Mhubiri asiseme "sijui", aseme "najua ila nimechoka". Na pale shimoni, ule ukimya haufai. Watu watadhani mashine imeharibika, watoto wataanza kurushiana viti. Weka sauti ya Mungu. Nzito, yenye mwangwi, ujiinamie ndani ya pipa. Iseme jambo la kutia moyo, fupi, lenye mamlaka.

Hili la sauti ndilo kubwa. Mengine nitakusamehe.

Dada.


3 Aprili

Dada,

Nimecheka mpaka fundi amegonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Mhandisi ataokoka akitaka mwenyewe, mimi simsukumi. Ile "najua ila nimechoka" ni nzuri, nitaiweka kwa nyumbu. Lakini sauti ya Mungu siweki. Kazi yangu ni kutafsiri waliosema. Asiyesema ntamtafsirije? Halafu pipa! Sauti yangu shemeji anaijua hata nikiwa kisimani, si niliimba arusini kwenu mpaka spika ikaungua? Atasikia Mungu anaongea kwa sauti ya kijana aliyemvunjia mwavuli. Njia ya mwongo fupi, Dada, na hii ni fupi kuliko zote.

Bado hujanijibu. Koo gani hilo linalokauka tangu Februari? Asali imeisha dukani?

Chiriku.


10 Aprili

Chiriku,

Sikuandikii salamu, nimekasirika.

Nani asiyekujua? Wewe ndiye uliyemfanya jambazi wa ng'ambo asimamishe vita, bastola mkononi, adai arudishiwe mahari. Wewe ndiye uliyempa farasi maneno mengi kuliko mwenye shamba. Miaka yote hiyo unawatia watu maneno ambayo hawajayasema, leo dada yako anakuomba neno moja la heri umekuwa mwadilifu? Kimetokea nini?

Haya, sikia. Si koo.

Unamkumbuka mpiga kinanda wetu, yule kijana mpole wa meno yenye mwanya. Aliugua mwaka jana mwishoni. Shemeji yako alisimama mimbarini akasema huyu atapona, nimeomba na nimehakikishiwa. Kanisa likashangilia. Mama mzazi wa yule kijana akaacha hata kulia. Siku chache baadaye tukamzika. Tangu siku ile shemeji yako hajapanda mimbari. Hasali, Chiriku. Hata mezani. Anaangalia sahani, anasema "kuleni", basi. Usiku namsikia hajalala, na mimi najifanya nimelala. Katibu wa kanisa ameshasema mbele yangu kwamba mkutano wa mwaka ukipita mimbari ikiwa tupu, wataomba mchungaji mwingine. Nyumba nitahama, nilishahama nyingine. Lakini mume wangu anazimika mbele ya macho yangu na sijui nimwambie nini.

Ndiyo maana nataka sauti. Najua ni uongo. Nimekwisha kuomba kwa ukweli, sasa nimefika hapo.

Dada yako.


29 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mkanda huu hapa. Nimemaliza leo na basi linaondoka sasa hivi, sikupata hata nafasi ya kuurudia kuusikiliza. Nimefanya watu wote vizuri, wajane nimewapa kila mmoja sauti yake. Nyumbu utampenda.

Pale shimoni nimeacha kama palivyo. Nisamehe. Umeniuliza kimetokea nini. Sinema ile nimeitazama mara nyingi kuliko ilivyohitaji kazi, na ule ukimya naufahamu, niliusikia pale tulipomfukia Baba. Sijui kuutafsiri, lakini kuufunika kwa pipa siwezi. Na shemeji ataujua kama wake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tungoje huo mshindo.

Chiriku.


16 Mei

Chiriku!

Umenifanyia nini? Au umetufanyia nini? Sijui nianze na lipi.

Ukumbi ulijaa, watu wamekaa mpaka madirishani. Nyumbu alipigiwa makofi. Mama alikaa mbele, na kila mhandisi akitokea anasema kwa sauti, "Huyu ndiye mkwe ningemtaka." Shemeji yako nilimlazimisha aje, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, miguu tayari kuondoka.

Tukafika shimoni. Mhubiri na taa yake. "Upo?" Kimya. "Upo?" Kimya. Mara ya tatu wewe umelia, usibishe, nimekusikia. "Nijibu basi! Upo?" Ukumbi mzima, hata watoto, hakuna aliyepumua. Kimya kile, Chiriku. Nilijuta kukuambia ukifunike. Nikasikia mtu anavuta kamasi, ni yule mama mzazi wa mpiga kinanda. Kila mtu alikuwa shimoni.

Ndipo ikaja sauti! Nzito, inatoka mbali, imetulia kama haina wasiwasi wowote duniani: "Nipo, nipo. Subiri kidogo tu."

Na mhubiri akanyanyuka papo hapo akaanza kupanda!

Weh! Katibu wa kanisa alipiga magoti juu ya mguu wa mtu. Kwaya ilianza wimbo bila kukubaliana ni upi, zikaimbwa mbili. Mama mzazi wa mpiga kinanda akasema polepole, "Basi nitasubiri," akakunja leso yake. Nikageuka kumtafuta shemeji yako. Ameinama, mabega yanatikisika, nikajua analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka! Machozi yanamtoka, amejishika mbavu, hawezi hata kusema. Akatoka nje, nikamsikia anacheka peke yake kule kwenye matangi ya maji. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Sasa niambie kweli. Ulisema huweki sauti. Ni ya nani? Si yako, naijua yako. Akina mama wanataka nakala za mkanda. Katibu anataka iandikwe kwenye taarifa ya mwaka.

Jibu upesi.

Dada.


24 Mei

Dada,

Nimeokota barua yako nikaketi chini.

Naapa sikuweka kitu. Nimeusikiliza mkanda wangu wa akiba. Dada, ni fundi viatu.

Siku ile joto lilinishinda nikafungua dirisha, fundi mwenyewe alikuwa ameacha kugonga anashona. Nilivaa hedifoni, upepo wa shimoni umenijaa masikioni. Nikapaza sauti ile mara tatu, na ya tatu ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyopanga. Kisha nikavua hedifoni nikatoka kwa mlango wa nyuma, kipaza sauti nikakiacha kinarekodi kimya. Nilitoka kupunga hewa. Jicho liliingia vumbi. Andika hivyo ukitaka.

Fundi kule chini ya dirisha anasikia mtu analia "Upo? Nijibu basi!" Afanyeje? Amezoea. Akatema misumari, mmoja mmoja, ndiyo maana alichelewa, akajibu. Nimemuuliza, anakumbuka vizuri. Anasema, "Nilisikia mteja ana uchungu, nikajua ni wale wa viatu vya harusi."

Sasa kazi ni yako. Mwambie shemeji au usimwambie. Nakala msitoe. Taarifa ya mwaka, kwa hisani yako, imwagikiwe na chai. Naona aibu, nimewaletea Mungu asiyetimiza ahadi ya soli.

Chiriku.


8 Juni

Mdogo wangu,

Salamu tele. Mama hajambo, goti limetulia, anauliza kama mhandisi ana kaka.

Barua yako niliificha kabatini chini ya mashuka siku mbili. Siku ya tatu nikashindwa, nikaiweka mezani mbele ya shemeji yako akiwa anakula, nikatoka. Nikarudi nikamkuta anaendelea kula. Akaniambia, "Hili nalijua. Sauti ile ndiyo iliyo na viatu vyangu vyeusi tangu mwaka jana. Nilisimama pale asubuhi tatu naambiwa neno lile lile. Nimeitambua kabla haijamaliza 'nipo' ya kwanza."

Nikamuuliza, mbona ulicheka kiasi kile basi, na hukutuambia? Akasukuma sahani kando. Akasema, "Miezi yote hii nimeuliza, sikujibiwa. Kuna mtu kaitwa na asiyemjua, amejaza misumari mdomoni, na bado kajibu. Nikajiambia, mimi hata hilo sijafanya. Mama wa yule kijana amepita mlangoni kwangu mara ngapi, na mimi nimejifungia."

Jumapili alipanda mimbari. Na vile vya kahawia, kwiu kwiu kwiu, kanisa zima linasikia, hakuna aliyecheka. Akawaambia ukweli wote, fundi, dirisha, misumari. Katibu alitaka kuingia chini ya benchi. Mzee wa safina akasema angalau Nuhu hakurekodiwa. Kisha shemeji yako akasema, "Niliwaahidi jambo ambalo halikuwa langu kuahidi. Sina sauti ya kuwaletea. Ninachoweza ni kuitikia mkiniita." Akashuka akaenda kukaa benchi moja na mama wa mpiga kinanda. Ndiyo mahubiri yote. Mafupi, wengine waliwahi sokoni.

Wazee wamekaa kikao wamegawanyika. Wanaotaka aondoke ni wale wale waliopiga magoti. Yule mama mzazi aliingia bila kuitwa, akasema huyu haendi popote, akatoka. Imekwisha hiyo.

Jana mezani wapwa zako walishashika vijiko. Akasema, "Ngojeni." Akafumba macho. Nikamsubiri, nikadhani ameshindwa. Akasema, "Sisi tupo. Tunasubiri kidogo." Basi, "Amina, kuleni." Chakula changu nilikila na machozi, kikazidi chumvi.

Nakushukuru kwa kunikatalia.

Dada yako.


22 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mkumbatie Mama, umwambie mhandisi hana kaka, ana mimi.

Ndani ya mzigo huu utakuta viatu vyeusi vya shemeji. Nilipomsimulia fundi kwamba ukumbi mzima ulimpigia magoti, aliweka nyundo chini, akakaa kama mtu aliyepelekewa hati ya mahakama. Akauliza, "Na vile viatu ni vya mchungaji mwenyewe?" Akavimaliza siku ile ile, soli mpya, kamba mpya, rangi ya kuonea sura. Kakataa malipo. Nikamuuliza na vyangu vya bluu je? Akatema misumari. Jibu unalijua.

Mama aliuliza kama nimekanyaga kanisani. Sijakanyaga. Paa bado linavuja.

Lakini jana jioni, wateja walipokwisha, nilizima mashine zote, nikachomoa kipaza sauti, nikafunga dirisha ili fundi asije akasumbuka bure. Nikauliza lile swali. Nililiuliza kwa sauti yangu mwenyewe, si ya mhubiri.

Nilichosikia au nisichosikia sitakuandikia. Ila safari hii sikutoka nje.

Nduguyo,
Chiriku.